Mkono Uliokataa Kusimamisha Saa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mama yetu, tunaomba utulivu tuwasomee maisha yake, na tunaomba radhi mapema, kwa sababu kuna mahali sauti itapanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne wa mpiga ishara wa treni, ambaye ndiye aliyemfundisha sataranji tangu ana miaka saba, kwa kete alizozichonga mwenyewe. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasomea upigaji chapa, na Januari 1972 akaajiriwa na kampuni ya kompyuta, akaitumikia miaka ishirini na miwili bila kuchelewa hata siku moja. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na fundi redio, baba yetu, aliyemtangulia mwaka 2008, wakajaliwa watoto watatu, na kila aliyekula kwao alijua kwamba ubao wa sataranji hauondolewi mezani, zinazosogezwa ni sahani.

Juni 1994 kampuni ilipanga programu yake icheze michezo sita na bingwa mkuu wa sataranji, siku sita mfululizo bila mapumziko, na kwa kuwa mashine haina mikono, mama aliketishwa mkabala na bingwa, asome skrini, asogeze kete, abonyeze saa. Hapo ndipo alipojionea. Wahandisi walikuwa na michezo yote mia nane ya bingwa, naye alipoomba aonyeshwe hata mmoja wa mashine, aliambiwa ni siri ya kampuni. Kila jioni watu watano walijifungia na mashine wakairekebisha, kisha asubuhi wakatangaza kwamba inacheza yenyewe. Siku ya tano bingwa alitokwa na damu puani, akaomba saa isimamishwe kidogo, mwamuzi akasema kanuni hairuhusu, na dakika kumi na moja zikampotea akiwa ameinamia beseni.

Kesho yake, tarehe 14 Juni, mashine ikaganda, imebakiza dakika nne kwenye saa yake, zikiisha imeshindwa.

"Dada, simamisha saa," mhandisi mkuu akaamuru.

Mama akakunja mikono kifuani. "Jana kanuni ilikataa. Leo imebadilishwa na nani?"

"Wewe kazi yako ni kubonyeza tu!"

"Basi sibonyezi."

Mwamuzi akaja kuisimamisha mwenyewe, mashine ikashughulikiwa dakika ishirini nzima, ikawaka, ikashinda, na magazeti yakaandika kwamba binadamu amekwisha. Mama aliandikia chama cha mchezo barua ya kurasa tatu, kila tukio na saa yake, na huu ni mwaka wa ishirini na tano hakuna aliyeona haya akaijibu, ila kampuni haikukawia, ilimfukuza wiki ileile kwa utovu wa nidhamu. Bingwa alifika nyumbani mara moja, akasimama mlangoni, akamwambia, "Dada, kushindwa si aibu. Ila nataka kujua nilishindwa na nani." Swali hilo lilimuuma mama kuliko kufukuzwa.

Alifundisha upigaji chapa sebuleni kwake hadi mwaka 2013, figo zilipoanza kumsumbua, akafariki tarehe 2 Septemba 2019, saa nne asubuhi, akiacha watoto watatu na wajukuu watano. Jana kampuni ilileta barua ya rambirambi, ikimsifu kwa "kushiriki ushindi wa kihistoria". Hatutaisoma, na aliyeileta aliondoka nayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, na majirani mliopokezana zamu za kumpeleka hospitali. Kuhusu wafanyakazi wenzake, desturi ni kuwashukuru wote, lakini familia inamshukuru mmoja, mfagizi wa ukumbi ilimochezwa michezo ile sita, ambaye peke yake alikubali kutia sahihi barua ya mama kama shahidi, akafukuzwa siku hiyohiyo, na leo amekaa hapo mbele na mkongojo wake. Mzee wetu, tunakuomba uwe wa kwanza kuweka udongo.

Mama, ulisema ulichokiona. Sasa pumzika.