Macho Yenye Nilificha

Wamama na wababa, amani kwenu. Sijazoea kusimama mbele ya watu, basi munivumilie.

Nilizaliwa Gety na kilema mu jicho ya kuume. Mboni yake haikujifunga mu tumbo ya mama, ilibakia na mupasuko chini, kama tundu ya kufuli. Inaona kidogo tu. Ku masomo watoto walisema iko jicho ya laana, na mimi nikajifunza kuangalia chini. Hata hapa Nyakasanza, kwenye ninashona nguo, wateja walijua kitambaa yangu ya kichwa kuliko uso.

Mwaka uliopita, jicho ya kushoto, ile nzima, ikaingia ukungu. Vidoa vyeusi vikaanza kuelea. Mistari ya kitenge ikapinda mbele yangu. Nikawaza: laana imehamia huku.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuambia mutu. Nilidanganya kama ninaumwa mugongo, nikafunga atelier yangu ya kushonea. Miezi mbili nilikula peke yangu, nikipapasa ukuta kutafuta mulango. Nilisikia majirani wakicheka mu parcelle, pale inje ya nyumba. Hakuna mwenye alibisha hodi.

Kisha mama mumoja wa chorale ya kanisa yetu akakuja kuchukua robe yake, nguo yenye nilimushonea. Nikamupa ya mutu mwingine. Hakukasirika. Alinishika kidevu, akainua uso wangu, akaangalia macho yote mbili. Tangu mama yangu afe, hakuna mutu alifanya vile.

Akaniuliza, "Weye, unaniona?"

"Hapana, mama."

Nikalia mbele yake kama mutoto.

Kesho yake alinipeleka kwa munganga wa macho. Munganga akaeleza kama kilema ya kuume nilizaliwa nayo, haikutokana na kosa ya mutu. Ya kushoto ilikuwa ugonjwa: ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, yenye kupokea mwangaza, ilikuwa imevimba. Akanipa vidonge na matone. Ukungu ukatoka pole pole. Lakini nilikuwa nimechelewa, kovu ikabakia katikati. Nikiangalia mutu moja kwa moja, uso yake inapotea. Lazima nimuangalie kwa pembeni. Leo ninashona mapazia na mashuka, vitu vya kunyooka.

Mama wa chorale, asante. Munganga, popote uko, asante. Nilizani ninaficha aibu, kumbe nilikuwa ninaharibu jicho.

Kama iko mutu hapa ananyamaza na kitu mu mwili wake, nitabakia ku benchi hii kiisha ibada. Akuje tu. Sitamuuliza jina.