Charline, Mutoto Aliyetuchanganya

Padri wetu muheshimiwa, Muzee Baharanyi mukubwa wa shirika letu la Mapendo, wamama na wapapa mulioacha kazi zenu mukaja, vijana wa korali: mimi ni Mama Nabintu. Munanijua. Lakini leo ninajitaja tena, kwa sababu huyu Charline munayemuaga hakutoka tumboni mwa mutu mwingine.

Nani hapa hakumbuki namna tulivyokuwa? Sisi tuliotoka upande wa Bukavu tulitembelea wagonjwa wetu, waliotoka Butembo wagonjwa wao, na kila upande ulijiona uko na huruma nyingi. Mpaka Mama Umurerwa, ambaye si wa upande wowote, akalala mugonjwa kitandani wiki nzima bila mutu kumupelekea hata maji, kwa sababu kila upande ulisema wale wengine wamekwisha kwenda.

Ndipo binti yangu akafungua ordinatere yake, ile kompyuta, akaandika majina yetu yote katika Excel, kila jina na chumba chake kidogo, akaipa sheria: kila Jumamosi makundi yageuke, kila mutu atembee na kila mutu, na watu wa nyumba moja wasiwe kundi moja. Mimi masomo yangu yalisimama shule ya musingi, lakini nilikaa pembeni yake nikaona majina yanahama yenyewe, nikasema, huyu nimemuzaa mimi.

Mulinung'unika, musikatae. Papa Wenceslas alisema hawezi kutembea na Papa Magloire, kwa ajili ya ule mufereji wanaogombania kati ya parseli zao, viwanja vya nyumba zao. Sasa wanabeba bidoni moja ya maji wakigombana njia yote, na mugonjwa anaanza kucheka kabla hawajafika.

Lakini sheria ile ilinipata na mimi. Siku moja nilimuomba Charline aniweke kundi lake. Akanijibu kwa upole: "Mama, nikianza na wewe, kila mutu atakuja kuniomba wake." Nilijivunia jibu hilo, nikalisimulia soko nzima. Ila kila Jumamosi, nikiwa njiani na watoto wa wengine, niliwaza wangu anaongea nini huko na mama za wengine.

Wamama wananiambia anawaimbia wagonjwa kwa sauti ya chini mpaka wanasinzia. Ninyi wote mumeisikia sauti hiyo. Mimi niliyemuzaa sijaisikia. Na sasa kazi inamupeleka Lubumbashi. Nitaisikia wapi?

Muzee Baharanyi, ninakuomba wewe, mbele ya hawa wote, kwa sababu yeye atakataa. Jumamosi hii, ya mwisho kabla ya safari, umuamuru abadilishe ile Excel yake: Charline na mama yake, kundi moja. Mutupeleke kwa mugonjwa yeyote, hata kule juu ambako mawe ya volkano yanakata viatu. Bidoni nitabeba mimi.

Aksanti kwa masikio yenu muliyonipa. Charline, usinitazame hivyo, mama. Sikukuuliza wewe.