Nishani ya Tabibu Shubin

Kwa niaba ya mjane Glafira Savelyevna na binti yake Kapitolina, ndugu na majirani wa Harbin wanasomewa maisha ya Yevlampi Nikanorovich Shubin, aliyezaliwa tarehe 10 Oktoba 1868 huko Kineshma, kando ya Volga, akasomea utabibu msaidizi Kazan hadi 1889, akaajiriwa na reli ya Warusi hapa Harbin, katika ardhi ya China, mwaka 1901, akamwoa Glafira tarehe 9 Februari 1903, na mwaka 1905 Mungu akawajalia Kapitolina, Kapa wetu.

Tauni ilipoingia mwishoni mwa 1910, marehemu na muuguzi Bwana Qu waliwahudumia Warusi na Wachina bila kuchagua, na kiangazi kilichofuata dola ya China ikamtunukia marehemu nishani ya majoka mawili, yaani ilimpa hati, nishani yenyewe akaitengenezeshe atakako, naye, kama wenzake wengi wa reli, akaagiza kwa masonara wa Petersburg. Ilifika Machi 1912, dhahabu na enameli ya buluu, ikiwa imepitwa mwezi mmoja na kuanguka kwa dola iliyoitoa, na Bwana Qu akaitazama sana, akasema, “Tabibu, majoka gani haya? Haya mapaka yamenyeshewa!” Glafira akamjibu, “Shemeji Qu, kwani wewe joka umeliona wapi?”

Lakini mtumishi wa Urusi havai nishani ya kigeni bila kibali cha mfalme wake, na marehemu alikuwa mtu wa sheria, akaomba, mwaka 1913 akajibiwa kwamba ombi halina uthibitisho wa mtoaji, ambaye hakuwepo tena, mwaka 1916 akaarifiwa kwamba shauri lake linashughulikiwa, na mwaka uliofuata mfalme naye akaondoka kitini. Nishani ikalala sandukuni, na kila Pasaka Glafira aliifuta vumbi na kumwomba aivae, japo mezani tu, naye kila Pasaka alikataa.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 1933, na juma lake la mwisho Glafira alimwambia, “Baba Kapa, aliyekupa kaenda, wa kukuruhusu kaenda, umebaki wewe na ukaidi wako. Vaa nikuone.” Marehemu alicheka hadi akakohoa, akasema, “Basi kibali utatoa wewe, nikishakwenda.” Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Februari 1934.

Desturi yetu ni nishani kutangulizwa mbele ya jeneza juu ya mto, na mzee wa kanisa alikuja na mto wake wa mahameli, lakini Glafira alimwambia, “Mto haukuuguza mtu,” akaifunga mwenyewe kifuani pa mumewe, akarudi nyuma hatua chache, akamtazama mpaka akatosheka.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, majirani walioleta kuni na supu, wafanyakazi wenzake wa reli, na Bwana Qu aliyekesha naye hadi mwisho. Mtakapopita kumuaga, msiulize karatasi. Lala kwa utulivu, Yevlampi Nikanorovich, umependeza, na umevaa kwa kibali.