Bwana Suud, Mtu wa Mwisho Njiani, Anakaa Kitako

Bwana Suud bin Amur anastaafu leo, Jumamosi tarehe 31 Oktoba 1970, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika kampuni yetu ya uwakala wa meli: thelathini Unguja na sita hapa Matrah, jirani na Maskati. Mwezi ukiandama, kesho tutakuwa tumefunga, kwa hivyo anaondoka na Shaabani yake. Hotuba ya Kiarabu imeshasomwa na Mudiri, mkuu wa kampuni, na imesema yote yanayopaswa kusemwa juu ya uaminifu na bidii. Hii ya Kiswahili nimepewa mimi, Aflah wa ghalani, eti kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka sita. Uwongo mtupu. Nimepewa kwa sababu mimi ndiye niliyemkosesha usingizi kuliko mtu mwengine yeyote, na wenzangu wanataka nikiri hadharani.

Aliajiriwa mwaka 1934, kijana wa miaka ishirini na nne, karani wa kuhesabu mizigo bandarini Unguja. Kazi yake ilikuwa kusimama penye ngazi ya meli, kalamu ya risasi sikioni, kila gunia lipite mbele ya macho yake. Wakongwe wanaikumbuka siku aliyokataa kutia sahihi shehena ya magunia mia nne ya mchele kwa kuwa yeye alihesabu mia tatu tisini na tisa. Nahodha akafoka, wakubwa wakabembeleza, Suud akaanza kuhesabu upya. Mwisho wake gunia likapatikana chini ya kichwa cha hamali mmoja aliyejilaza kivulini, kalifanya mto. Suud akamwacha amalize usingizi wake, kisha akatia sahihi.

Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, tulitoka Unguja, kila mmoja kwa njia yake na kwa alichoweza kubeba. Kampuni ikampa kazi ile ile hapa Matrah, ambapo mizigo inashushwa kwa matishari kutoka meli zilizotia nanga nje, na kwa miaka sita haujapotea hata mkungu wa ndizi. Lakini msidhani tumekusanyika kwa ajili ya magunia. Tumekusanyika kwa ajili ya matembezi ya vuli.

Kwetu Unguja vuli ni mvua, mtu hatoki bila ya mwavuli. Maskati kinyume chake. Kuanzia Mei unaishi kama mkate ndani ya tanuri, unalala darini juu ya jamvi lililomwagiwa maji, halafu asubuhi moja ya Oktoba unaamka unatafuta shuka ya kujifunika, na unajua umeokoka. Ndiyo miezi ya kutoka, kuvuka majabali, kuona nchi.

Vuli yetu ya kwanza, Ijumaa tarehe 23 Oktoba 1964, sisi vijana saba wa ofisini tuliamua kuvuka milima kutoka Riyam mpaka Matrah kwa ile njia ya zamani ya mawe. Bwana Suud aliposikia akauliza nani anaijua njia. Hakuna. Akauliza nani mkubwa wetu. Hakuna. Akasema basi atakuja na yeye. Tulinung'unika, maana nani anataka kutembea na mkuu wake siku ya mapumziko?

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Kokoto iliniingia kwenye kiatu, nikakaa kuitoa, nikajinyoosha kidogo tu, wallahi kidogo, na nilipoinuka wenzangu hawaonekani. Nikafuata bonde nisilolijua. Wao wakafika Matrah, Bwana Suud akahesabu vijana wake: sita. Akarudi peke yake milimani, jua la utosini, akanikuta saa saba nimekaa chini ya jabali nalia bila ya haya. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni hasira, nikajitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alinishika mkono mpaka tukafika chini, na kiganja chake kilikuwa na jasho kuliko changu.

Kesho yake ofisini alinambia jambo moja, na hakulirudia tena. Alisema mwaka ule kila mmoja wetu ameshapungukiwa na mtu, aliyekufa au aliyebaki nyuma, na vilio ameshavisikia vya kutosha. Madhali yeye yuko hai, katika watu wake hapungui mtu tena.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mwisho njiani. Hakuna ruhusa ya kuwa nyuma yake. Ukisimama kufunga kiatu, na yeye anasimama. Ukijifanya unakwenda haja ili upumzike, anakungoja, amekupa mgongo kwa adabu, anavuta uradi. Alihesabu tukitoka, tukikaa kula, kabla ya kuteremka na tukishafika. Tulikwenda Bustan, tulikwenda Yiti, mara mbili tulifika Qurayyat tukala samaki wa kuchoma chini ya mitende, na kila mara ni yeye na kuhesabu kwake. Tulimtania mno. Tulimwita mchunga mbuzi. Tulimuuliza ni kiongozi gani huyu anayeona visogo vya watu tu. Hakujali, na Ijumaa iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Sasa nije kwenye siku ambayo kila nyumba ya Kizanzibari ya Matrah inaijua, ila kila nyumba inaisimulia kivyake. Ukweli ninao mimi. Ijumaa tarehe 7 Novemba 1969, zimebaki siku chache Ramadhani iingie, tulitoka kwenda kuvunja jungu, ile karamu ya kuiaga Shaabani ambayo Mzanzibari haiachi hata ahamie wapi. Tulikuwa kumi na tisa bila ya dereva. Ghanim, karani wa forodha, alibeba jungu la udongo la mama yake, kwa kuwa alishikilia kwamba karamu hiyo haipikwi kwenye sufuria. Thani, dereva wetu, akatupeleka kwa lori mpaka wadi moja kubwa kwenye njia ya Qurayyat.

Wadi, kwa asiyewahi kufika, ni bonde la mto usio na maji: mchanga laini, kivuli cha majabali, pahala hasa pa kutandika jamvi. Tukatandika katikati. Mwenyeji wa Omani hafanyi hivyo hata kwa kulipwa, lakini sisi tulitazama juu, hatukuona wingu, na kwa akili zetu za Unguja pasipo wingu hapana mvua. Hatukujua kwamba mvua hunyesha milimani usikokuona, na maji yakakufuata ulipo.

Saa nne pilau ilikuwa imeshapaliwa makaa. Bwana Suud, aliyekaa nyuma kama kawaida yake, akamwona mchungaji mmoja anawaswaga mbuzi wake mbio kupanda jabali. Akamuuliza kwa Kiarabu kuna nini. Yule akanyoosha mkono milimani, hakusimama. Bwana Suud hakutueleza kitu. Alipiga ukelele ambao hatukujua kuwa anao: juu, nyote juu, acheni vyombo! Tulidhani kaona nyoka. Tukapanda, huyu kiatu kimoja, huyu mwiko mkononi. Yeye akabaki chini mpaka wa mwisho apande, na wa mwisho, najua mnakisia, ni mimi na tumbo langu. Alinisukuma kwa bega.

Maji yalikuja kwa sauti kwanza, kisha kwa rangi ya udongo, kisha na miti mizima ndani yake. Tulisimama juu tukalitazama jungu la mama yake Ghanim linainuliwa, linazungushwa, linabamizwa kwenye jiwe. Naam, jungu lilivunjika, na mwaka ule hakuna aliyelivunja kama sisi. Bwana Suud alihesabu mara tatu: kumi na tisa. Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa kilemba.

Thani alikuwa ng'ambo ya pili na lori lake. Alituona tuko juu salama, akatupungia, akaenda mjini kutoa habari. Thani ni mwenyeji wa Matrah, Kiswahili amejifunza kwetu, na anakisema vizuri, alhamdulillahi, ila siku ile kilimponza. Alifika nyumbani kwa Bwana Suud kabla ya sala ya Ijumaa, akamwambia mkewe, Bi Mahbuba, kwamba wanaume wote wako wadi kubwa, hawatoki mpaka jioni, asiwe na wasiwasi. Akageuza lori, akarudi kutungoja.

Bi Mahbuba ana miaka sita Omani, lakini masikio yake bado yako Unguja. Kwetu wadi ni ya hospitali: iko wadi ya wazazi, iko wadi ya watoto, na iko wadi kubwa ya wanaume. Watu kumi na tisa wadi kubwa! Lahaula! Alipita nyumba kwa nyumba, na wanawake wote wakatoka, Nasriya mke wangu yuko mbele, wamebeba uji, supu ya kuku na mashuka safi. Wakaingia hospitalini, wakafunua nyuso kitanda baada ya kitanda. Hakuna hata mmoja wetu.

Muuguzi alipowaambia kwamba siku ile hakuletwa majeruhi yeyote, badala ya kufurahi waliangua kilio, maana waliona kama hatumo wadi basi tumeshapelekwa pengine. Palikuwa na mzee mmoja wa Qurayyat aliyevunjika mguu, hana mtu wa kumtazama. Bi Mahbuba, machozi yanamtoka, akakaa akamnywesha yeye ile supu, kwa kuwa moyo haukumpa kuirudisha nyumbani. Yule mzee akamuombea dua mumewe arudi salama, na mpaka leo Bi Mahbuba hakubali kwamba tuliokolewa na mbuzi.

Maji yalipungua baada ya Alasiri, na kabla ya Magharibi lori likaingia Matrah. Wanawake walikuwa wamejaa njiani. Safari hii Bi Mahbuba ndiye aliyehesabu, kwa kumgusa kila mmoja kichwani, mumewe wa mwisho. Nasriya alinikumbatia barabarani mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya kabla wala baada. Halafu wote wakamgeukia Thani. Maskini aliapa kwamba kasema wadi, na wao wakaapa kwamba ndiyo, kasema wadi, na ilichukua muda mpaka mtu mmoja akafahamu, akaanza kucheka, na cheko likatuambukiza sote mpaka tukashika mbavu. Sijapata kuona watu waliofurahi vile kwa kukosa chakula. Thani siku hizi akizungumza na Mswahili husema bonde la mchanga.

Matembezi yake ya mwisho yalikuwa Ijumaa iliyopita wiki moja, tarehe 23, kwa njia ile ile ya Riyam. Tulikuwa thelathini na mmoja, maana mwaka huu, kwa Sultani mpya, milango ya Omani imefunguka na jamaa wanafika kwa kila meli. Yeye nyuma. Tulipofika chini akahesabu, wote wapo. Akakaa juu ya kizingiti cha ghala, akavua viatu, akashusha pumzi tukaisikia sote, akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha, jamani, akatwambia kwamba hapendi kutembea. Hajapenda hata siku moja. Akipanda juu anashikwa na kizunguzungu, na utotoni hajathubutu kupanda hata mkarafuu. Miaka sita, kila Alhamisi ya vuli, usiku halali. Alikuwa anakuja kwa sababu alijua sisi tutakwenda tu, na aliona bora atetemeke nyuma yetu kuliko kukaa nyumbani anasikiliza mlango.

Hakuna aliyecheka. Mimi sikuweza hata kumtazama. Ghanim ndiye aliyenikanyaga mguu, na hapo nikakumbuka kwamba kamati ilikuwa imeshaagiza Bahrain zawadi ya kumuagia: buti za kupandia milima, ngozi tupu, na fimbo yake.

Buti amezichukua Ghanim, pamoja na nafasi ya mwisho njiani. Zinampwaya, atavaa soksi mbili. Bwana Suud anapewa leo kiti cha uvivu, cha mbao ya msaji, alichokichonga seremala wa Matrah kwa siku sita.

Bwana Suud, na wewe Bi Mahbuba uliyempa ruhusa kila Ijumaa, tunakushukuruni. Ulikwenda usikotaka, nyuma ya watu wasiojua, na hakupungua mtu. Idi ikipita tutatoka tena. Kiti kiweke mlangoni: tutapita mbele yako tukienda, na tutapita tukirudi, utuhesabu bila ya kuinuka. Maisha mema, baba yetu, na ukae kitako.