Asali Yenu, Nta Yetu

Sogeeni, wanangu, na wewe Makarius ingia ndani kabisa, usinisimamie mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kuku, maana maneno haya ni ya nyumba nzima na sauti yangu haifiki tena uani. Theodosia, niinue kidogo. Hapo. Mimi Epifania, mke wa marehemu Pasikali, akili ninazo; kilichoisha ni pumzi, na hiyo iliyobaki naiendesha kwa hasira.

Nianze na mepesi. Shamba la migomba na maharage ni la Makarius, na mpaka wake ni uleule aliouonyesha baba yake, asije shemeji wala mjomba akausogeza. Mbuzi wagawane binti zangu. Sufuria yangu kubwa iko kwa Kuruthumu, mke wa Khatibu mwenye duka pale Kibondo. Mwacheni nayo, ameilipia mara nyingi kwa habari. Mnacheka? Mlikuwa mkiniita mmbeya. Mtasikia sasa umbeya huo ulivyokuwa na faida kuliko mikutano yenu.

Mizinga ni ya wanaume. Ndiyo mila ya hapa kwetu, mwanamke hapandi mti kutundika mzinga, nami sijapanda, ingawa ujanani miguu yangu ilikuwa mizuri kuliko ya Pasikali, na mwenyewe alijua. Wanaume walileta masega, wakakamua asali, wakapika pombe, wakanywa, wakaimba, wakagombana, na yale masega yaliyokamuliwa wakayatupa nyuma ya nyumba kama machicha. Nani aliyaokota? Sisi. Tuliyachemsha, tukayachuja kwa gunia, moshi ukitutoa machozi, tukapata nta ya manjano, na kwa nta hiyo ulivaa, Makarius, na kwa nta hiyo ulikaa darasani ukajifunza kuniambia kwamba sielewi biashara. Hata tulipohamishiwa kijijini hapa Kumsenga, barabarani, na mizinga ikabaki kule porini mwendo wa kukata miguu, wanaume walirudi na asali na kuyaacha masega hukohuko, na ni huyu Theodosia, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji bila hata kanga ya pili, aliyeyafuata akayabeba kichwani. Leo nta ina soko, ghafla nasikia nta ni mtoto wa mzinga, na mzinga ni wa wanaume, na mkimbizi hana fungu. Kha! Ilipokuwa takataka ilikuwa yetu. Ilipogeuka mali imekuwa yenu?

Yule mnunuzi kutoka Kasulu, mwenye ghala pale Kibondo, mnamjua. Analichoma bonge la nta kwa kisu, ananusa, anakunja pua kama aliyekanyaga kinyesi: "Mama, nta yako chafu." Bei inashuka palepale. Kumbe siku moja Kuruthumu yuko nyuma ya pazia la duka anachagua mchele, akamsikia akijitapa kwa Khatibu: "Hawa wa Kumsenga nta yao haina mfano, nikiifikisha Kigoma kwenye treni inaitwa daraja la kwanza." Ilitakaswa na nini njiani, wanangu? Vumbi la Kasulu? Kisha inavuka bahari, nayo inamrudia padri wetu ndani ya boksi, mishumaa iliyonyooka kama askari wa gwaride, nasi tunatoa sadaka ili inunuliwe. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakutuambia nta huliwa na nani.

Mnamkumbuka mgeni wa Ulaya aliyeletwa hapa kijijini na gari? Alisema, kupitia bwana aliyemtafsiria, kwamba nchi maskini kama yetu itainuliwa na biashara. Nikasimama. Nikasema, "Mwambie biashara hatukuanza kuisikia leo. Bibi zetu walitembea hadi Uvinza kufuata chumvi, wakatoa maharage na majembe, na kila upande ulirudi kwake ukiwa umeridhika. Muulize, mbona sisi tunauza mwaka hadi mwaka na hatuinuki?" Yule bwana akaninong'oneza, "Bibi, kaa, usituaibishe mbele ya mgeni." Nikamwambia, "Tafsiri, mwanangu, aibu niachie mimi." Akatafsiri, sijui alitafsiri nini, mgeni akatabasamu, akasema swali zuri sana, akapanda gari lake. Swali zuri! Mimi niliuliza nijibiwe, sikuuliza nisifiwe.

Jibu nimelitafuta mwenyewe. Biashara humwinua yule anayeweza kusema "siuzi". Asiyeweza kulisema neno hilo, hata umjengee soko mlangoni, atabaki kumbebea mwenzake mzigo. Mnakumbuka tulipoiweka nta yetu wanawake wote pamoja, kwenye chumba cha Theodosia, tukamwambia mnunuzi arudi na bei ya watu? Alifoka, akaondoka, na akarudi. Nta haiozi, wanangu! Maharage yanatobolewa na wadudu, ndizi zinaiva ukiwa umelala, lakini nta inakaa tu inakutazama. Mungu alitupa mali inayojua kungoja, sisi tukaiuza mbiombio. Na tulipoimimina kwenye mianzi iliyopasuliwa, na utambi wa pamba katikati, mishumaa yetu ilitoka imepinda kama mkia wa mbwa, lakini iliwaka, na mafuta ya taa yalipoadimika watu waliigombea dukani kwa Khatibu mpaka wakakanyagana.

Sasa wewe, mwanangu, umefanya nini? Umepokea baiskeli ya mnunuzi, ukampa ahadi kwamba nta yote ya hapa itakuwa yake, masika kwa masika, asiuziwe mwingine. Usitazame paa, paa halina mdomo. Najua mtoto wako aliumwa ukambeba mgongoni hadi zahanati, najua uchungu ule, na baiskeli si dhambi. Lakini uliahidi kisicho chako! Umeliuza lile "siuzi" la wanawake wote hawa kwa magurudumu mawili na kengele. Mchuma janga hula na wa kwao, na hawa wa kwenu hata kuchuma hawakuchuma.

Basi nasema, wajomba mpo mnasikia. Asali yenu, nta yetu. Pipa la kuchemshia na nta iliyomo chumbani ni ya binti zangu na Theodosia, na funguo anazo Theodosia. Anayesema huyu hana ukoo hapa, aniambie kwanza ni ukoo gani ulioyaacha masega porini. Nta isiahidiwe kwa mtu kabla haijachemshwa. Ya mishumaa itengwe kwanza. Inayobaki wapeleke wenyewe Kigoma, wakae garini juu ya magunia yao, wasikie kwa masikio yao inavyoitwa daraja la kwanza. Mkitaka baiskeli, mtainunua nyote, na itakuwa ya nyote. Hiyo ya mnunuzi irudi kwa mwenyewe, pale ghalani kwake Kibondo.

Maji... hapana, yatosha, yananipalia.

Makarius, jibu, utairudisha? Sikubariki huku unakagua vidole vyako. Umesema nini? Hiyo ni sauti ya chini ya blanketi, mwanangu, wajomba hawakusikia. Tena. ... Haya. Nimesikia. Njoo uniwekee kichwa hapa, kizito kama cha baba yako.

Imana, Mungu wetu, awape mvua ya kiasi na maua mengi kwenye miombo yote. Awape midomo isiyoona haya mbele ya mizani. Mkae pamoja, mgombane mkipatana. Msilie kwa kelele, wageni watadhani nimeacha... urithi mkubwa.

Sasa nenda. Si kesho, jua lingali juu. Acheni mlango wazi. Piga kengele ya baiskeli, mwanangu, ipige njia nzima ya mteremko, nisikie... nisikie ukiirudisha. Sauti yake ikipotea... ndipo mnifunike.