Bi. Euphrasia Mayunga, Kiongozi Wetu katika Safari ya Kengele Saba

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1999, Bi. Euphrasia Mayunga, ambaye karibu sote tunamwita Mama Mbuke, atakuwa ametimiza miaka thelathini na ushei katika duka la Velji na Wanawe, hapa Shinyanga mjini. Aliingia Februari 1969, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Kishapu, akapewa kitambaa cha kufutia vumbi kwenye cherehani. Anastaafu akiwa msimamizi wa ukumbi wa michezo ya video, cheo ambacho mwaka alioajiriwa hakikuwapo hapa wala, kwa kadiri tunavyojua, mahali pengine popote.

Hakukaa na kitambaa muda mrefu. Mkulima wa pamba akiingia dukani na kusimama mbele ya cherehani bila kuamua, Mama Mbuke alikuwa akimwomba avue shati lake lililochanika, analishona palepale huku wakipiga soga, na kumrudishia. Wengi waliondoka na shati pamoja na cherehani. Marehemu Mzee Velji, mwanzilishi wa duka, alikuwa na usemi kuhusu jambo hilo: "Mama huyu hauzi mashine. Anamaliza ubishi." Kwa miaka ishirini na miwili alimaliza ubishi wa Shinyanga nzima, kuanzia Ngokolo hadi magulio ya Kishapu, na angestaafu na heshima hiyo peke yake kama isingekuwa safari ya Hemal.

Mwaka 1991 Hemal, mtoto wa Mzee Velji, alirudi kutoka Dubai na mashine za gemu, televisheni nne na sanduku la kaseti. Stoo ya baiskeli ikasafishwa, ikapakwa chokaa, ikawa ukumbi. Mama Mbuke alihamishiwa huko kwa sababu moja tu: alikuwa mtu pekee dukani ambaye vijana wakipiga kelele angeweza kuwanyamazisha kwa kukohoa.

Kaseti za mpira na za ngumi zilishika moto siku ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa moja, yenye picha ya kengele saba na maandishi ya Kijapani tupu. Kila kijana aliyeijaribu aliitoa upesi kama anayetema kokwa. Hakukuwa na goli wala teke ndani yake. Mtu mdogo anatembea kijijini, anakutana na watu, watu wanamwambia maneno marefu yasiyosomeka, kisha akitoka nje ya kijiji zimwi linamla. Hemal alitaka kuibadilisha. Mama Mbuke akamwambia, "Niachie. Mtu hawezi kutembea kwa miguu namna hii bila kuwa na anakokwenda."

Akaanza kuicheza mwenyewe mchana, miezi ya kilimo, wakati mji umepungua watu. Hakujua neno hata moja la Kijapani, ila alijua kutazama. Alama iliyomponya mtu mdogo aliichora kwa chaki ubaoni na pembeni akaandika "dawa". Iliyohifadhi safari mashine ikizimwa aliiita "kuweka akiba". Mtu mdogo akipata nguvu mpya alisema "amepanda daraja". Pale aliposhindwa kuelewa, alisimulia alivyoona inafaa. Bibi wa nyumba ya wageni ambaye mtu mdogo alilala kwake kila mji, alimpa sauti ya shangazi yake wa Mhunze. Na mzee mwenye joho jeusi aliyemkalia njiani kila mara, huyo alimtangaza kuwa mchawi.

Kufikia mwaka 1992 watu walikuwa wanakuja ukumbini bila nia ya kucheza. Mmoja anashika vitufe, Mama Mbuke anasimama kando ya televisheni na kusimulia, na waliobaki wanakaa kwenye mabenchi kama wako kwenye simulizi ya jioni nyumbani, ingawa ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Wachuuzi wa sokoni walifunga meza. Wachimbaji wa dhahabu walitoka Kahama. Aliyetaka kuonyesha ubingwa kwa kuruka mazungumzo alizomewa na ukumbi mzima. Mara tatu safari ilifika mwisho uleule: mtu mdogo anamkuta mchawi mlimani, mashine inauliza swali, wanabonyeza jibu la chini, vita vinapiganwa, mchawi anaanguka, giza linatanda, na mchezo unarudi mwanzo. Watu walitoka wakinung'unika. Mama Mbuke alikuwa akisema, "Hapa kuna kitu hatujakiona," na wanaanza upya.

Mwaka 1994 akaja Bi. Noriko, Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hesabu katika sekondari moja hapa mjini. Alipita dukani kununua betri za redio, akasikia muziki unaotoka ukumbini, akasimama mlangoni ameshika mdomo. Muziki ule aliufahamu tangu alipokuwa mwanafunzi. Kampuni iliyotengeneza mchezo, Hatagoya, ilianzia katika mji mdogo wa bandari ambako yeye alizaliwa.

Jumamosi ile hatukucheza. Tulikaa, Mama Lataben, mjane wa Mzee Velji, akaleta chai, na Bi. Noriko akatueleza historia ya Hatagoya kwa Kiswahili chake cha polepole. Jina lenyewe maana yake ni nyumba ya wageni. Mwaka 1981 kaka na dada yake waliweka kompyuta katika chumba cha juu cha nyumba ya wageni ya mama yao ili wamsaidie kupanga vyumba. Chini, mama yao alikuwa akimwuliza kila mgeni, "Umetoka wapi, na umeona nini?" Yale majibu yalipanda ngazi, na baada ya miaka mitatu yakawa mchezo wao wa kwanza wa safari. Wa pili uliwaponza. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba hata waliouunda hawakuweza kuumaliza. Wafanyakazi wakaondoka, chumba kikabaki na watu sita wanaokula wali wa mama. Watu hao sita ndio waliotengeneza mchezo wetu huu, Safari ya Kengele Saba, wakaapa kwamba hawatatengeneza tena mchezo ambao msafiri harudi nyumbani. Ulipendwa nchi nzima. Tangu hapo kila mchezo mpya wa Hatagoya unamfuata mtoto wa msafiri aliyetangulia, na katika kila mchezo yuko bibi yule wa nyumba ya wageni, akiuliza lilelile.

Mama Mbuke alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja. "Na yule mchawi?"

Tukawasha mashine pale akiba ilipoishia, mlimani, na Bi. Noriko akasoma maandishi. "Mama, huyu si mchawi. Huyu ni baba yake. Alikuwa akimfuata njiani ili amlinde."

Mama Mbuke akakaa kwenye benchi. "Kumbe," akasema, "tumempiga baba yetu miaka mitatu."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi stendi. Yeye hakucheka mara moja. Alimwomba Bi. Noriko amsomee lile swali la mwisho ambalo sisi sote tulikuwa tunalijibu kwa kitufe cha chini bila kulijua. Lilikuwa hivi: "Je, utamsikiliza?" Tulikuwa tumejibu hapana, kila safari. Tukaanza tena tangu kijijini. Kuanzia hapo Bi. Noriko alisoma, Mama Mbuke akasimulia, na tafsiri ikaandikwa ubaoni kwa Kiswahili kikubwa ambacho watu kadhaa wa mji huu walijifunzia kusoma. Tulipofika mlimani tena, kidole kikabonyeza ndiyo. Mzee akavua joho. Nyuma yake ilikuwepo nchi nzima ambayo hatukuwahi kuiona, nusu ya mchezo, na baba na mtoto wakaingia humo pamoja.

Miongoni mwa waliokuwa kwenye mabenchi siku hiyo alikuwa Nasibu, mchimbaji aliyepanga Nyasubi kule Kahama, mtu mkubwa asiye na maneno mengi. Alikuwa ameondoka kwao Biharamulo kwa ugomvi na baba yake na hakuwa amerudi tangu ujana wake. Watu walipotoka, yeye alibaki. Mama Mbuke alimwona akitazama ubao. Hakumhubiria. Alimwuliza tu, "Wa kwako yu hai?" Nasibu akajibu kwamba hajui. "Basi nenda ukajue," akamwambia, na kumfungia maandazi ya njiani. Wenzake duarani, kwenye shimo la dhahabu, walimkosa kwa wiki kadhaa. Nasibu yuko nasi katika sherehe hii, na mzee aliyekaa kulia kwake, mwenye kofia ya ukindu, ndiye baba yake.

Sasa niwaeleze siku ambayo mimi, Donatus, fundi redio wa duka hili, sitaisahau. Mwaka 1996, tukiwa tumebakiza kengele moja kati ya saba ambazo msafiri huzipiga njiani, akiba ya safari ilianza kupotea na kurudi, kama mtu anayepoteza fahamu. Nilifungua kaseti nikaona tatizo: ndani kuna betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, inayotunza kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa, na ilikuwa inakufa. Kuitoa kulikuwa kufuta kila kitu, isipokuwa ukiibadilisha mashine ikiwa inawaka, ili kumbukumbu inywe umeme wa mashine wakati wa kubadilisha. Mkono ukiteleza, imekwisha. Umeme ukikatika, imekwisha. Na Bi. Noriko alikuwa anamaliza muda wake na kurudi kwao mwezi uleule, kwa hiyo kuanza upya bila msomaji hakukuwa njia.

Mama Mbuke ndiye aliyepanga vita. Alimwambia Hemal afungue betri ya pikapu na kuileta ndani, nami nikaiunganisha na mashine ya gemu ili tusitegemee nguzo za barabarani. Akawasha jiko la mkaa na kuweka vyuma vyangu viwili vya kulehemu vipate moto humo, kimoja kikipoa nishike cha pili. Kisha akawakabili watu waliojaa hadi mlangoni. "Donatus akifanya kazi, hakuna kupiga chafya."

Nilikuwa nimeitoa betri ya zamani na bado sijagusisha mpya, umeme wa mtaa ukakatika. Televisheni ikafa. Mashine iliendelea kuwaka kwa betri ya gari, taa yake nyekundu ilionekana, ila hatukuwa na njia ya kujua kama safari bado imo. Nikachukua chuma cha pili. Mama Mbuke hakunitazama. Alianza kusimulia, taratibu, safari yote tangu kijiji cha kwanza: nani tulimkuta, nani alitulaza, wapi tulipotea. Sauti ile ilinishikia mkono. Nikagusisha chuma, risasi ya kulehemu ikayeyuka, betri mpya ikakaa. Tukangoja. Yeye akaendelea na mto, na jangwa, na mlima.

Umeme uliporudi alasiri, televisheni ilichelewa kuwaka kama kawaida yake, kisha picha ikaja. Mtu mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi wa nyumba ya wageni, na baba yake pembeni. Sijawahi kupokea vigelegele vile, hata siku ya harusi yangu. Mama Mbuke alinifuta masizi kwa khanga yake, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, baba," asante, na kwangu hiyo imebaki kuwa tuzo.

Jumamosi iliyofuata kengele ya saba ililia. Msafiri alirudi kijijini kwao na baba yake, na Bi. Noriko alisoma maneno ya mwisho akiwa amesimama. Siku chache baadaye tulimsindikiza stendi, na Hatagoya yenyewe haikukoma: kaseti mbili zaidi zimetufikia tangu wakati huo, na zote zimesimuliwa hapa.

Ni haki pia kutaja kwamba katika miaka yote ya ukumbi Mama Mbuke hakumruhusu mwanafunzi mwenye sare kuingia saa za masomo, hata awe mtoto wa mkubwa gani. Kwamba alimlea binti yake Mbuke peke yake na Mbuke sasa ni mwuguzi. Kwamba Bhoke, anayechukua nafasi yake, amefundishwa naye kusimulia kwa miaka miwili, na akikosea sauti ya bibi wa nyumba ya wageni husahihishwa mbele ya wateja. Na kwamba Mama Mbuke mwenyewe asiposhiba huwa mkali.

Tulipomwuliza angependa zawadi gani, alijibu kitanda kizuri, kwa kuwa tangu 1969 hajawahi kulala hadi jua lichomoze. Kitanda kimenunuliwa. Wiki iliyopita Mama Lataben alianza kulia katika kikao cha kupanga sherehe hii, na wawili watatu wakamfuata. Mama Mbuke akagonga meza. "Nyamazeni. Sijafa, nakwenda Kishapu."

Basi nenda Kishapu, Mama Mbuke. Kwa niaba ya familia ya Velji, wafanyakazi wote na watu wa mabenchi, wabeja sana kwa miaka uliyotupa. Mvua zikunyeshee kwa wakati, afya isikupungukie, wajukuu wakuzunguke wakidai hadithi, na usingizi wako wa asubuhi asiukatize mtu. Tunaona fahari kuwa tulifanya kazi na wewe.