Kidonge cha Nne cha Bwana Salfa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Newala, mkabala na duka la pembejeo: benchi moja, jiko langu la mkaa, na birika ambalo halijapumzika tangu nioe. Mimi ndiye Hamudi, muuza kahawa. Wateja wa kudumu ni watatu. Mzee Uwesu tunamwita Dokta, kwa sababu alilinda geti la zahanati miaka sita. Nikolao ni Redio, na hana kitufe cha kuzimia. Faruku wa Makote ni Bwana Salfa, fundi wa kupulizia mikorosho, mtu tunayempenda sana na hatujawahi kumwambia. Mwaka juzi aligundulika ana saratani ya damu. Hospitali kubwa ya mbali wakampa vidonge vya kumeza nyumbani, vinne kila asubuhi, akanenepa tena hadi tukasahau kwamba anaumwa. Asubuhi ninayoisimulia alikuwa amerudi kliniki jana yake, na kahawa yake ilipoa mkononi.

— Damu imechafuka tena, alisema Faruku. Daktari kasema zile chembe mbaya zimepanda. Zikizidi kupanda, dawa hii itakuwa imeshindwa, na nyingine hajui kama itapatikana.

Dokta aliweka kikombe chake chini.

— Uliruka siku? aliuliza Dokta.

— Hata moja. Na daktari aliniuliza hivyohivyo. Kila asubuhi nameza, Mungu shahidi.

— Basi ni feki, akaamua Redio. Vimetoka nje ya nchi hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, mwenyeji haponi. Feki!

— Feki vipi, na vimemnenepesha karibu miaka miwili? niliuliza.

— Vya mwanzo vilikuwa vya kuonjesha.

Dokta akakohoa kama mtu anayeandika cheti.

— Tatizo ni lile basi la kwendea kliniki. Njomba wetu Faruku anasafiri safari yote hiyo amekaa juu ya injini. Joto linapandia makalioni, linachemsha damu. Wakimpima akishuka tu, zitaacha kupanda? Maji ya moto hayachomi nyumba.

— Methali hiyo inaingilia wapi, Dokta? nilimuuliza.

— Inaingia. Itafute tu.

— Mimi nasema mnara wa simu, Redio akapaza. Tangu waujenge, jogoo wangu anawika saa nane mchana. Damu ina chuma, mnara unavuta chuma. Faruku awe analala na sufuria.

— Kichwani au tumboni? aliuliza Dokta.

— Sufuria yenyewe itajua.

Faruku akacheka, na moyo wangu ukatulia kumwona anacheka.

— Basi ziwe sufuria mbili, alisema. Mke wangu Mama Ziada naye alindwe. Ingawa mwenzenu nilishamkinga mapema.

— Ulimkinga na nini?

— Na hivi vidonge. Tangu mwezi uliopita. Mimi vitatu, yeye kimoja.

Birika likanisimama hewani.

— Mnashangaa nini? Nyie hamna mikorosho? Ukipuliza salfa kwako, shamba la jirani ukaliacha, ule ubwiriunga unaokausha maua si unavuka mpaka unakurudia? Ndiyo maana mimi napulizia na mistari miwili ya jirani, bila hata kuombwa. Sasa jirani yangu wa karibu ni nani kama si mke wangu? Tunalala kitanda kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukatikisa vichwa, maana kwa mikorosho ilikuwa kweli tupu.

— Huyo ndiye mume, alisema Redio, macho yamemlowa. Mke wangu mimi hata panadoli ananificha.

— Kitaalamu inaitwa kinga ya mpakani, akapitisha Dokta.

Nami, nasema kwa aibu, nilimwongezea Faruku kikombe cha heshima.

Hapo ndipo alipotokea Kibibi, Mama Ziada mwenyewe. Wanawake wetu hupita kijiweni bila kusimama. Yeye alisimama.

— Shikamoo, Mzee Uwesu.

— Marahaba, Mama Ziada. Karibu kahawa.

— Sikufuata kahawa. Baba Ziada, umetoka nyumbani hujala wala hujameza dawa. Jana umesema damu imepanda, ukageukia ukutani ukalala. Mimi sikulala. Asubuhi nimempigia sista wa kliniki, namba iko kwenye kadi yako. Nimemwuliza ugonjwa huu unaambukiza?

Faruku akatazama kandambili zake.

— Akasemaje?

— Hauambukizi. Si kwa kitanda, si kwa kijiko, si kwa jasho. Mimi si mkorosho, Baba Ziada.

Akafungua fundo la kanga. Vilikuwemo vidonge ishirini na saba. Baadaye alituambia idadi, sisi tuliona rundo tu.

— Hukuvimeza? Faruku alinong'ona.

— Kila asubuhi uliniwekea kiganjani ukinitazama kama siku ya ndoa. Ningekataaje? Nikawa nageuka kama nafuata maji, navificha. Nilidhani vyako unavyo vinne vizima, hiki umepewa cha ziada. Leo sista kaniambia hakuna cha ziada, unapewa vinne tu. Kumbe unajipunja.

Dokta akaruka kutoka benchini.

— Basi hakijaharibika kitu! Avimeze vyote sasa hivi, afidie. Dawa ya deni kulipa!

Na mkono wa Faruku ukanyooka kweli. Fundi wa salfa, mvua ikiosha raundi yake ya kupuliza, huirudia. Mama Ziada akalifunga fundo.

— Sista kakataza. Hakuna kufidia, hakuna kumpa mtu. Vinne kila siku, baada ya kula, na glasi kubwa ya maji. Hivi vimeshikwashikwa, tunavirudisha kliniki. Na wewe mwenyewe umwambie daktari ukweli, asije akadhani dawa imeshindwa akakubadilishia bure.

— Nitamwambia nini mimi? Ataniona mjinga.

— Mwambie ulimpenda mkeo bila kuuliza.

Redio akataka kusema kitu. Mama Ziada akamwahi, akatutazama mmoja mmoja.

— Ila niwaulize nyote, maana hapa ndipo penye wajuzi. Alijinyima ili anikinge. Sawa. Angekufa yeye, mimi ningekuwa nimekingwa ili nibaki na nani?

Dokta alirudi kukaa benchini. Redio akazima, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mimi niliinamisha birika nipate la kufanya, likatoa machicha ya kahawa matupu. Niliona aibu kwa kile kikombe cha heshima.

Nikolao, Redio wetu, ndiye aliyezinduka kwanza. Akamsogezea Faruku sahani yake ya mihogo. Faruku akala. Mama Ziada akatoa boksi la dawa kwenye mfuko. Mimi nikachota maji kwenye ndoo ya kuoshea— hapana, kwenye dumu langu la kunywa, lililopandishwa kutoka bondeni alfajiri, nikajaza kikombe kikubwa cha bati hadi ukingoni.

Faruku akavihesabu kiganjani. Kimoja. Viwili. Vitatu. Akasita, akamtazama mkewe.

— Na hicho, alisema Mama Ziada.

Hakuondoka hadi cha nne kilipopita.